Dhahabu ya mtoni na watu wa mdomoni mwa mto

Ilagala haijulikani kwa dhahabu. Inajulikana kwa mawese, mihogo na samaki, na kwa Mto Malagarasi unaomalizia safari yake hapo na kuingia Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, kila tunapogusia hewani habari za uchimbaji wa dhahabu mitoni, ujumbe mwingi hutufikia kutoka ukanda huo wa kusini mwa Kigoma. Maswali huwa mawili. La kwanza: mashine zinazonyonya dhahabu kwenye mito ya Kongo, ng'ambo tu ya ziwa, zinatuchafulia maji? La pili: huku kwetu Tanzania, kuna dhahabu inayooshwa kwenye maji yanayoishia Ilagala?

Wengi hudhani jibu la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana. Ramani inasema kinyume chake. Kabla ya kufika huko, tueleze kwanza kazi yenyewe inavyofanyika.

Mto unavyotenga dhahabu

Dhahabu ya mtoni huanzia mlimani. Mwamba wenye mishipa ya dhahabu huliwa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka, chembe zikang'oka na kubebwa na maji. Dhahabu ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 19, wakati mchanga wa kawaida ni mzito kuliko maji mara mbili na nusu hivi. Kwa hiyo pale mto unapopunguza kasi, kwenye kona, nyuma ya jiwe kubwa, au chini kabisa mchanga unapokutana na mwamba, dhahabu huwa ya kwanza kuzama na mchanga huendelea na safari. Njia zote za kuchimba mtoni, kuanzia karai la mtu mmoja hadi mashine ya mamilioni, huiga kazi hiyo ya mto.

Karai kila mtu analijua. Baada ya karai huja mwalo, na neno hili huwachanganya wasikilizaji wetu. Kwa mtu wa Ilagala au Kibirizi, mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa. Kwa mchimbaji wa Geita, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu: ubao au mfereji ulioinama, umetandikwa magunia au vipande vya blanketi, mchanga unamwagwa juu yake pamoja na maji, chembe nzito zinanasa kwenye nyuzi na tope linapita. Mwalo wa samaki na mwalo wa dhahabu, vyote viwili vinategemea maji.

Mashine ya kunyonya

Mchimbaji wa karai hufikia mchanga wa juu tu. Dhahabu nyingi imelala chini, juu ya mwamba, mita kadhaa ndani ya maji. Hapo ndipo inapokuja mashine ambayo wachimbaji wa Kongo huiita dragi, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Muundo wake ni rahisi kuuelewa: jukwaa linaloelea juu ya mapipa au maboya, injini ya dizeli, pampu, bomba nene linaloshuka hadi chini ya mto, na juu ya jukwaa mwalo mrefu wa kunasia dhahabu. Pampu hunyonya mchanga, changarawe na maji kwa pamoja, mzigo wote hupita kwenye mwalo, na kinachobaki hurudishwa mtoni nyuma ya mashine.

Kwenye mashine ndogo, anayeshika mdomo wa bomba kule chini ni binadamu. Mzamiaji hushuka akiwa na mpira mwembamba unaomletea hewa kutoka kwenye kompresa iliyoko juu, na hufanya kazi kwa kupapasa, maana kwenye maji yale ya tope haonekani hata mkono wake mwenyewe. Injini ikizima, mpira ukijikunja au ukingo uliochimbwa ukamporomokea, walioko juu wana dakika chache tu za kumwokoa. Mashine kubwa hazihitaji mzamiaji. Hutumia bomba la chuma au mnyororo wa ndoo unaochota mchanga mfululizo. Aina hiyo ya ndoo ilienea kwenye mito ya New Zealand katika karne ya 19, kisha ikasambaa duniani.

Madhara ya kwanza ya kazi hii hayahitaji kemikali yoyote. Ni tope. Mto uliokuwa na sakafu ya changarawe huachwa na mashimo na vilima ndani ya maji, na tope jepesi husafiri kwenda chini kwa kilomita nyingi. Mwezi Agosti 2024, shirika la maji la Ghana lilitangaza kwamba mtambo wake mmoja kwenye Mto Pra, uliojengwa kusafisha maji yenye tope la hadi vipimo 2,000, ulikuwa ukipokea maji yenye wastani wa vipimo 14,000, na sababu iliyotajwa ni uchimbaji haramu wa dhahabu ndani na kando ya mto. Watu wa mijini walikosa maji ya bomba kwa sababu ya dhahabu iliyochimbwa mbali na macho yao.

Maji ya kasi na kesi ya California

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kuingia mtoni. Dhahabu ya mito ya kale mara nyingi imefukiwa kwenye kingo na vilima vya udongo vilivyo juu ya mto wa leo. Mchimbaji hupandisha maji kwa pampu na kuyaelekeza kwenye kilima kupitia mpira wenye mdomo mwembamba, yatoke kwa nguvu. Kilima hubomoka kuwa uji, uji huteremka kwenye mfereji wenye vizuizi, dhahabu hunasa, na kilichobaki huenda mtoni. Kwa kazi ya siku moja, watu wachache na pampu moja hubomoa udongo ambao kwa sururu ungewachukua wiki nyingi.

Njia hii ilianza California, Marekani, mwaka 1853, na ndiko pia ilikopelekwa mahakamani. Kampuni zilibomoa milima mizima ya Sierra Nevada. Tope lilijaza mito ya bondeni hadi sakafu ya mto ikapanda juu ya mashamba, na mji wa Marysville ukawa unajikinga kwa tuta baada ya tuta. Mwenye mali mmoja katika mji huo, Edwards Woodruff, aliifungulia kesi kampuni ya North Bloomfield. Januari 1884, Jaji Lorenzo Sawyer aliamua kwamba kampuni haina haki ya kumwaga mabaki yake kwenye mito inayoharibu mali za walioko chini. Jaji hakupiga marufuku maji ya kasi yenyewe. Alichokataza ni kumwaga uchafu mtoni, na bila ruhusa hiyo hesabu ya faida haikutoka tena. Migodi mingi ya aina hiyo ikafungwa.

Tumeirudia kesi hii hewani zaidi ya mara moja, na kuna wanaotuuliza California inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu mali ya mlalamikaji haikuwa karibu na mgodi. Ilikuwa chini ya mto.

Ng'ambo ya ziwa: Ulindi na Mwenga

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Mkoa wa Kivu Kusini, unaotazamana nasi, ni nchi ya dhahabu ya mitoni kwelikweli. Wengi mkoani Kigoma wanayajua majina hayo kwa masikio, kwa sababu kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, imepokea maelfu ya watu kutoka upande huo. Katika wilaya ya Shabunda, Mto Ulindi uliingia kwenye homa ya dhahabu katikati ya muongo uliopita, mashine za kunyonya zikajipanga mtoni. Julai 2016 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ndefu juu ya mto huo. Ilieleza jinsi makundi yenye silaha ya Raia Mutomboki yalivyotoza ushuru kwa mashine hizo, na jinsi dhahabu ilivyotoka bila vijiji vya Shabunda kupata barabara wala huduma za maana. Wilaya ya jirani, Mwenga, nayo ilipata yake: Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini, Théo Ngwabidje Kasi, alisimamisha shughuli za kampuni sita za Kichina baada ya wananchi kulalamikia mito iliyoharibiwa na uchimbaji usio na vibali.

Kwa macho ya ramani ya barabara, Mwenga ni jirani yetu. Kwa ramani ya maji, siyo. Milima ya Itombwe, iliyoko nyuma ya Uvira na Fizi, hugawanya mvua. Inayonyesha upande wa mashariki huteremka kuja ziwani. Inayonyesha magharibi huingia Ulindi, Elila na mito mingine inayokwenda Lualaba, yaani Mto Kongo, na kuishia Bahari ya Atlantiki. Tope la Shabunda halina njia ya kuja Kigoma. Kinyume chake, ni maji yetu yanayowafuata: Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga pale Kalemie, nao hujiunga na Lualaba.

Hii haina maana kwamba upande wa Kongo hauwezi kulichafua ziwa. Vijito vya mteremko wa mashariki vinamwaga ziwani, na kila kilichomo huja navyo. Ila mashine za Ulindi zinazotajwa kila mara vijiweni si hizo.

Maji ya Geita yanayokuja Ilagala

Swali la pili ndilo lililotushughulisha zaidi tulipokuwa tukiandaa makala haya. Malagarasi ni mto wa urefu wa kilomita 475 hivi. Unaanzia mpakani na Burundi, unazunguka kwa upinde mkubwa, unapita kwenye mabwawa, kisha unageukia magharibi kupitia Uvinza hadi Ilagala. Kwa eneo la nchi linalokusanya maji yake, ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika. Na eneo hilo haliishii mkoani Kigoma. Linafika Tabora, Katavi, na vipande vya Shinyanga na Geita.

Rwamagasa, mkoani Geita, ni kituo cha siku nyingi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa kuwa Geita iko karibu na Ziwa Viktoria, ni rahisi kudhani kwamba maji yake yote huenda huko. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki, watafiti wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza walipima udongo, maji na mabaki ya mialo ya Rwamagasa. Walikuta zebaki nyingi kwenye mabaki na kwenye udongo wa mashamba yaliyo kando ya kijito cha Isingile. Ndani ya maji yenyewe ilikuwa kidogo. Na kijito hicho hakiendi Viktoria. Kinaingia Mto Nikonga, Nikonga unaelekea kwenye mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, na kutoka hapo ni njia moja hadi Ilagala.

Uchimbaji wa Rwamagasa ni wa mwamba wa kusagwa kwa karasha, siyo wa kunyonya mchanga mtoni. Lakini hatua ya mwisho ni ileile: mwalo, kisha zebaki. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga mzito uliobaki kwenye magunia. Zebaki hukamata chembe za dhahabu na kuwa donge laini, ambalo nusu yake hivi ni zebaki. Donge huchomwa, zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki. Anayechoma jikoni kwake bila chombo cha kunasia mvuke anawavutisha hewa hiyo watoto wake. Nyingine humwagika na maji ya kuoshea na kulala kwenye tope. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani duniani kutokana na shughuli za binadamu, karibu asilimia 38.

Hatuyasemi haya kuwashtaki wachimbaji. Zebaki ni rahisi, hufanya kazi haraka na haihitaji umeme. Mtu anayeondoka mgodini na gramu mbili kwa wiki hana mtaji wa mtambo mwingine. Lakini gharama yake haimalizikii kwake.

Kwa nini bwawa ni muhimu kuliko mnavyodhani

Kati ya Geita na Ilagala kuna kitu kinachotulinda. Ni ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 ikawa eneo la kwanza la Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa na hekta milioni 3.25. Maji yakiingia humo hupoteza kasi, mafunjo huyachuja, tope huzama. Bila bwawa hilo, tope la mikoa minne lingekuwa linafika ziwani kila masika.

Lakini chujio hutunza kile kinachochuja. Na kwa zebaki kuna jambo la ziada: kwenye matope yasiyo na hewa, vijidudu huibadilisha kuwa aina nyingine inayoingia kwa urahisi kwenye mwili wa kiumbe. Mdudu wa majini huibeba kidogo, samaki mdogo anayekula wadudu wengi huibeba zaidi, na samaki mkubwa anayekula samaki wadogo hukusanya ya wote. Ndiyo sababu watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi 1956, waliumwa kwa kula samaki wala siyo kwa kunywa maji. Walioumia zaidi ni watoto waliokuwa bado tumboni.

Kwa mama wa nyumbani tuliseme kwa lugha ya jikoni. Zebaki iliyo ndani ya nyama ya samaki haitoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kubanika. Kinachopunguza hatari ni kuchagua: dagaa ni mdogo, anaishi muda mfupi, hukusanya kidogo; samaki mlaji wa wenzake aliyekua miaka mingi hukusanya zaidi. Mama mjamzito asiache samaki, kwa sababu faida zake ni kubwa. Ale dagaa zaidi.

Tope nalo lina kesi yake. Utafiti uliochapishwa 1993 na mwanasayansi Andrew Cohen na wenzake ulionyesha kwamba sehemu za ziwa zinazopokea tope jingi zina aina chache za viumbe kuliko sehemu safi. Chanzo cha tope hilo kilikuwa misitu iliyokatwa na milima iliyolimwa, wala siyo dhahabu. Ila samaki anayetafuta mwani juu ya jiwe lililofunikwa haulizi tope limetoka kwa nani. Na ziwa letu halijisafishi upesi: lina kina cha mita 1,470, maji yake mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, na yanayotoka kwa Lukuga ni kidogo. Tope linaloingia limeingia moja kwa moja.

Sheria inasema nini

Bonde la Malagarasi lina historia ndefu ya kuchimba. Chumvi ya Uvinza, inayopatikana kwenye chemchemi karibu na Ruchugi na Malagarasi vinapokutana, imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa hiyo hatuwezi kusema mto huu haujazoea kutoa mali. Kinachobadilika ni aina ya mashine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kwa anayechota maji kwa ajili ya mradi, na kingine kwa anayerudisha maji machafu mtoni. Leseni ndogo ya uchimbaji madini hutolewa kwa Watanzania pekee, na haichukui nafasi ya vibali hivyo vya maji. Tunalisisitiza hili kwa sababu mwenye mashine akifika kijijini hutoa karatasi moja yenye muhuri, na karatasi moja kwa kazi ya mtoni haitoshi. Serikali ya kijiji ina haki ya kuuliza: leseni iko wapi, kibali cha maji kiko wapi, tathmini ya mazingira iko wapi, mabaki yatamwagwa wapi, na je, zebaki itatumika? Mwalo wenye mabwawa ya kutuliza tope, yaliyochimbwa mbali na ukingo na kutumia maji yaleyale kwa mzunguko, hauhitaji kumwaga mtoni kabisa. Mwekezaji anayesema haiwezekani anazungumzia gharama.

Juu ya sheria za ndani kuna mikataba miwili. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kupunguza zebaki na kukomesha uchomaji wa wazi, hasa kwenye makazi. Wa pili ni wa kwetu: Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ambao mamlaka yake ina makao Bujumbura.

Kwa aliyeko Ilagala, ukaguzi wa kwanza haumhitaji mtaalamu. Wavuvi na wanaovuka mto kila siku wanajua Malagarasi unabadilika rangi mwezi gani. Masika ukiwa mwekundu si habari. Ukibadilika Julai au Agosti, hakujanyesha huko juu, na ukabaki hivyo kwa siku kadhaa, andikeni tarehe, saa na mahali, chukueni maji kwenye chupa safi, na mpeleke taarifa kupitia ofisi ya kijiji au kata hadi Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, mjini Kigoma. Chupa hiyo itaonyesha tope, ila zebaki hupimwa maabara, na hupimwa vizuri zaidi kwenye tope la sakafuni na kwenye nyama ya samaki mkubwa kuliko kwenye maji. Mkiomba kipimo, ombeni hicho.